Udhuru na Deni la Mwanafunzi

Swali hili vijana wetu wamekuwa wakiliuliza tangu mwaka 2020, na aghalabu hujibiwa kwa haraka. Chuo kilifungwa kwa sababu ya maradhi. Mwanafunzi akarudi kwao, masomo yakakatika. Kisha chuo kikafunguliwa, akarejea, akafanya mtihani kwa kile alichokuwa nacho kichwani, akapita. Je, ile sehemu ya elimu iliyompita katikati amesamehewa, au angali anadaiwa? Na ikiwa anadaiwa, mdai wake ni nani?

Wako wanaosema kuwa kijana hakuyataka yaliyotokea, na asiyejitakia hana lawama, basi yamekwisha. Wako wengine, na hao hasa ni wazee wa rika langu, wanaosema kuwa vijana walipata nafasi ya kusoma kwa utulivu nyumbani wakaichezea, basi wajilaumu wenyewe. Majawabu yote mawili yana upungufu. La kwanza linachanganya dhambi na deni. La pili limesahau nyumba zetu zilivyokuwa.

Na kwa kuwa watu husahau upesi, natuyakumbuke kwanza yaliyopita. Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kuwa maradhi ya korona yameingia nchini, kwa msafiri aliyewasili kutoka Ubelgiji akaonekana Arusha. Hapa kwetu Babati maana ya habari hiyo ilifahamika mara moja, kwani Arusha si mbali. Mtu hupanda basi asubuhi akafika kabla ya adhuhuri. Siku ya pili yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na tarehe 18 vikafuata vyuo vya kati na vyuo vikuu. Vijana walirudi kwa mabasi ya Dodoma yanayopita Kondoa, na kwa mabasi ya Arusha na Dar es Salaam, na wengi wao waliacha vitabu na madaftari vyumbani, kwani lililokuwa likisemwa ni siku 30. Siku 30 zikazaa nyingine. Tarehe 21 Mei Rais Magufuli alitangaza kufunguliwa kwa vyuo, na milango ikafunguliwa tarehe 1 Juni, siku chache baada ya Idi el-Fitri. Jumla yake ni kama siku 75.

Katika siku hizo takwimu za wagonjwa nazo zilikoma kutangazwa, mwanzoni mwa Mei, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, hata zilipoanza kutolewa tena mwaka 2021. Kwa hiyo kijana aliyekuwa nyumbani akijaribu kufungua kitabu hakujua ukubwa wa jambo linalomtisha. Alisikia ya Italia na Marekani katika simu, akasikia habari za kujifukiza mtaani, akasikia kwamba fulani amezikwa usiku. Kusoma hutaka moyo uliotua, na mioyo haikuwa imetua.

Kule kufunga penyewe hakukuwa na ubaya wa kisharia, na wale waliosema kuwa ni udhaifu wa imani hawakutazama mbali. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akafikiwa na habari ya tauni ya Amwas, alishauriana na Masahaba pale Sargh kisha akarudi na watu wake, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine. Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kutoiingia nchi yenye tauni wala kutoka humo kwa kuikimbia, yakaafikiana na rai hiyo. Tauni ile, ya mwaka wa 18 wa Hijra, iliwachukua Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (r.a.), na huyu wa pili alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa halali na haramu. Maradhi hayamheshimu mtu kwa elimu yake. Basi udhuru wa mwanafunzi ni udhuru wa kweli, na nimelitanguliza hili nisije nikadhaniwa kuwa natafuta njia ya kuwalaumu vijana.

Sasa tumtazame huyo mwanafunzi alipofika nyumbani. Machi hadi Mei ndiyo miezi ya masika na palizi. Katika vijiji vinavyouzunguka mji huu, upande wa Bonga na upande wa Mutuka, mahindi yamekwisha ota na mbaazi zimo katikati yake, na magugu hayamngoji mtu. Baba aliyemlipia mwanawe ada alizitoa katika mbaazi hizo hizo, na tangu India ilipoweka mipaka ya kuingiza mbaazi nchini mwake mwaka 2017 bei ikaanguka, kila mzazi hapa ameujua uchungu wa ada hiyo. Kijana mwenye nguvu akishuka kwenye basi katika msimu kama huo, baba haoni mwanafunzi. Anaona jembe la pili. Nani atamlaumu? Na kijana naye, kumsaidia mzazi wake ni ibada.

Lakini likaingia neno dogo lililofanya uharibifu mkubwa. Kila alipokaa na daftari aliambiwa: "Kwani si mmefungiwa?" Ikawa kama kwamba uanafunzi ni kitu kilichomo ndani ya jengo la chuo, na mlango ukifungwa hubaki humo humo pamoja na madawati. Baada ya wiki tatu yeye mwenyewe akaamini hivyo. Akawa mkulima asubuhi na dereva wa bodaboda jioni, na usiku akipata bando alitazama mpira wa zamani, kwa kuwa mpira mpya nao ulikuwa umesimamishwa.

Kwa binti hali ilikuwa nzito zaidi, na hili natuliseme wazi ingawa halipendezi barazani. Kaka yake akitoka shamba alipumzika. Yeye akitoka shamba aliingia jikoni. Katika Ramadhani ile binti wa chuo alikuwa motoni tangu alasiri, kisha futari, kisha vyombo, kisha daku. Saa yake ya kusoma ilikuwa ipi? Na baadaye aliposhindwa somo moja, walipatikana watu wa kusema kuwa mwanamke akili yake iko jikoni. Iko jikoni kwa sababu nyinyi ndio mliomweka huko!

Kuna na wale waliorudi masomoni ukubwani. Mchukue mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, anayesoma katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome akiwa kwake na kazini kwake. Ungedhani korona isingemgusa, kwani darasa lake tangu zamani lilikuwa ni meza yake. Kumbe kilichomfunga si chuo chake, bali ni shule ya watoto wake. Watatu wako nyumbani kutwa, huyu anataka uji, yule ameumia, wa tatu anaulizia hesabu zake. Meza ikawa yao.

Siku zile ilienea katika simu habari ya Isaac Newton, kwamba chuo chake cha Cambridge kilipofungwa kwa ajili ya tauni mwaka 1665 alirudi kwao shambani, na huko akafikiri mambo makubwa. Basi na vijana wetu wafanye hivyo hivyo. Habari ni ya kweli, lakini haitwambii ni nani aliyekuwa akipalilia wakati Newton akifikiri.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Ibn Khaldun. Tauni kubwa ilifika Tunis mwaka 749 wa Hijra (1348–1349), naye ni kijana wa miaka kama 17. Ilimchukua baba yake, na mama yake, na wengi katika walimu wake. Hakuvumbua lolote mwaka ule. Alichofanya ni kumshika mwalimu mmoja aliyebaki, Al-Abili, akasoma kwake kama miaka mitatu, kisha baadaye akatoka kwenda Fes kuwafuata wanavyuoni wa huko. Muqaddima, kitabu kilichomfanya ajulikane dunia nzima, alikuja kukiandika mwaka 779 (1377), karibu miaka 30 baada ya msiba. Na Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, aliyezikwa binti zake watatu kwa tauni, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, na kukimaliza kulimchukua miaka mingi. Watu hawa walikijua kilichokatika, wakaenda kukitafuta kila walipoweza, bila ya kujidai kuwa hakikukatika.

Na hapa ndipo penye kiini cha suala. Sharia inazijua nyudhuru za namna mbalimbali, na tofauti yake husomwa na watoto wa madrasa kabla hawajabaleghe. Msafiri huipunguza swala ya rakaa nne akaiswali mbili; akirudi mjini kwake hadaiwi zile mbili. Zimesamehewa. Mgonjwa hula mchana wa Ramadhani bila ya dhambi, lakini akipona huzilipa siku alizokula. Hizo hazikusamehewa, zimeahirishwa. Mwanamke katika siku zake yamemkuta yote mawili: swala hailipi, saumu huilipa. Udhuru ni mmoja, mtu ni mmoja, na hukumu ni mbili. Basi kusema kwamba fulani alikuwa na udhuru hakujamaliza neno. Ni lazima kuuliza: udhuru wa kusamehe, au wa kuahirisha?

Kuna na mlango wa tatu, ambao ni mzito kuliko hiyo miwili, nao ni haki za waja. Mtu aliyelala akajigeuza usingizini akauvunja mtungi wa jirani, hana dhambi, kwani aliyelala haandikiwi. Lakini mtungi anaulipa. Usingizi ulimwondolea dhambi, haukuurudisha mtungi. Mwenyezi Mungu haki Zake huzisamehe apendavyo. Haki ya jirani humngoja jirani.

Elimu ya chuo imo katika mlango upi? Ikiwa mtu anasoma kwa ajili ya nafsi yake tu, mathalan mzee kama mimi anayesoma nahau kwa kuipenda nahau, kilichompita kimempita, hadaiwi na yeyote. Lakini nchi haikumpeleka kijana chuoni, na Bodi ya Mikopo haikumkopesha, ili aje apende nahau. Huyu ni muuguzi wa kesho, yule ni mwalimu wa hesabu, yule atakagua daraja na kusema lipitwe au lisipitwe. Elimu yao ina wenyewe, ingawa wenyewe hao bado hawajawajua. Mtoto atakayeletwa zahanati usiku akiwa na degedege hana habari ya Machi 2020. Anayo haki ya kupewa dawa kwa kipimo chake sahihi, na haki hiyo haipungui hata chembe kwa kuwa mpimaji alifungiwa chuo siku 75. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kujitia katika utabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta, na dhamana hiyo haikufungwa na sharti la nia mbaya.

Kwa hiyo nasema kuwa kijana wetu dhambi hana, na deni analo.

Kutokana na hapo utaona ubaya wa lile lililosemwa na baadhi ya vijana waliporejea Juni 2020, kwamba kwa kuwa wamepotezewa wakati, kuangalizia katika mtihani ni kujirudishia haki yao. Wao hukuita kudesa. Aliyekupotezea wakati ni nani? Ni maradhi. Na unayemwibia ni nani? Ni yule mtoto wa degedege, ambaye hajakukosea kitu. Na lipo jambo la kuchekesha kidogo. Vijana huuogopa sana mtihani wa marudio, wenyewe wanauita supu, na wanauona ni aibu kubwa. Kumbe supu ndiyo sura hasa ya kulipa saumu: ulishindwa katika wakati wake, ukapewa siku nyingine. Aliyeipata supu mwaka ule akalielewa somo lake, ametoka katika deni. Aliyepita kwa kudesa deni linamfuata hadi wodini.

Walakini kusema kuwa kijana anadaiwa si kusema kwamba alipe peke yake. Mtungi ukivunjwa na aliyelala, huulizwa pia ni nani aliyeuweka mtungi kitandani.

Neno chuo, kwetu sisi tuliosoma zamani, lilikuwa ni chuo cha Qur'ani. Mtoto akiugua mwezi mzima, siku anaporudi mwalimu hamwambii awakimbilie wenziwe walikofika. Humwambia asome, naye humsikiliza. Na pale ulimi unaposimama ndipo anapoanzia. Mwenziwe yuko juzuu ya tatu, yeye yuko ya kwanza, na hakuna anayecheka, kwa sababu kila mmoja ana ubao wake. Najua kuwa chuo chenye wanafunzi mamia hakiwezi kumsikiliza kila mmoja namna hiyo. Lakini kuuliza kinaweza. Vyuo vilipofunguliwa ratiba zilibanwa, vipindi vikarundikwa, na kilichohitaji miezi kikapitishwa kwa wiki. Swali likawa "tumefika ukurasa gani?", na ni wachache walioulizwa "mmefahamu?". Na cheti ni ushahidi. Chuo kinaposema kuwa fulani amehitimu, kinashuhudia mbele ya watu kwamba anajua. Hukumu ya mwenye kushuhudia asilolijua haihitaji maelezo kwa wasomaji wa ukurasa huu.

Jirani zetu walijaribu njia nyingine. Kenya ilitangaza Julai 2020 kwamba mwaka wa masomo wa shule za msingi na sekondari hautahesabiwa, kisha ikabadili, ikayarudisha baadhi ya madarasa tarehe 12 Oktoba na waliobaki Januari 2021. Uganda ilikwenda kwa kufungua na kufunga karibu miaka miwili, hata Januari 2022 ndipo shule zikafunguliwa zote, na huko wako mabinti waliozaa na wavulana waliozoea vibarua wasirudi tena darasani. Ukiwatazama hao, siku zetu 75 ni chache. Na uchache wake ndio uliowaghuri watu. Kwa kuwa ni chache, hakuna aliyeziandika katika daftari la madeni.

Mzazi naye anayo sehemu yake, nyepesi kuitaja na ngumu kuitenda: saa mbili. Saa mbili kila siku, baada ya alfajiri na kabla ya shamba, kwa mvulana na kwa binti sawasawa, asiitwe wala asitumwe. Palizi haiharibiki kwa saa mbili. Hili si la korona peke yake. Likizo ya kila mwaka ni hiyo hiyo, na jembe la pili ni lile lile.

Imebaki kuuliza, deni hili hulipwa hadi lini? Aliyekula siku za Ramadhani kwa udhuru ana wasaa wa kuzilipa hadi Ramadhani nyingine. Akichelewesha na udhuru umekwisha mwondokea, katika madhehebu yetu ya Shafii hulipa na kutoa fidia ya chakula juu yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kuwa hali ya dharura imekwisha. Wale waliokuwa mwaka wa kwanza chuoni wakati ule wengi wao leo wamekwisha hitimu, wako makazini au wanatafuta kazi, na Ramadhani zilizopita tangu hapo ni nyingi.

Mmoja katika hao, tabibu katika zahanati moja ya huku kwetu, alinijia baada ya swala ya Ijumaa akaniuliza afanyeje. Somo la dawa za watoto lilipitishwa mbio katika mwezi ule wa Juni, na hakulishika. Kila aletewapo mtoto hufungua simu chini ya meza akatazama vipimo. Nikamuuliza ni nani aliye karibu naye mwenye ujuzi huo. Akamtaja muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliye chini yake kwa cheo. Nikamwambia aende kwa mama huyo Jumatatu baada ya kazi, amsomee anachokijua tangu mwanzo, na amwombe amsimamishe pale anapokosea. Akasema ataona haya. Nikamwambia haya ataiona, na aende. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama inafaa aende na daftari. Nikamwambia aende nalo, na kalamu.